Beti Kumi na Moja za Yamna

Jumatatu, 29 Mei

Orodha imebandikwa leo kitivoni. Yamna Awragh, Shahada ya Kiingereza, kutetea tasnifu Jumatano 14 Juni, saa nne asubuhi, Chumba 7. Nimelisoma jina mara tatu. Nimelipiga picha. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza, "Ni binti yako, mzee?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mke wangu!"

Yamna ana miaka arobaini na nne. Aliacha masomo alipomaliza sekondari, kama mimi. Mimi nikaenda reli, yeye akaja kwangu. Miaka mitatu iliyopita akasema anataka chuo, na Kiingereza, si kitu kingine. Tangu siku ile nimeandika saa zake za kusoma kila jioni, kama ninavyoandika treni chumba cha ishara. Leo: saa tatu na dakika arobaini.

Tasnifu ina kurasa arobaini na mbili. Ni juu ya beti za wanawake wa milimani kwetu, zile za siku ya hina. Kazichukua kumi na moja, kazitia Kiingereza. Mama yangu ndiye aliyempa, vipupwe viwili mfululizo, jikoni, mlango umefungwa. Mimi sijazisoma. Kiingereza changu hakivuki salamu, na kwa Kiamazigha, lugha yetu, hakuna aliyenisomea.

Alhamisi, 1 Juni

Wanafunzi wenzake wawili walikuja kufanya mazoezi ya matamshi. Wasichana wa mjini, umri wa mwanetu. Kuna ile sauti ya ulimi katikati ya meno. Kiarabu cha mjini hakina tena, wao inawatoka kama "t". Yamna kazaliwa nayo! Lugha ya kwetu imejaa sauti hiyo. Mmoja alijaribu mbele ya kioo mpaka akatema mate.

"Mama mdogo, unafanyaje?"

"Nafanya kama namwita mbuzi."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Nilikuwa chumba cha pili, najifanya nasoma gazeti. Mke wangu anafundisha watoto wa mjini kusema!

Kusoma leo: saa nne kasoro dakika kumi. Rekodi ya mwezi.

Jumapili, 4 Juni

Siku ya gulio. Nimepanda kijijini kualika.

Kutetea tasnifu siku hizi ni kama harusi. Jamaa wanakuja na masinia ya vitamu, tende na maziwa, wanajaa chumba, wakisikia alama tu — vigelegele. Watu wa mji wa Taza wanapeleka watu kumi. Sisi tutapeleka zaidi. Nimewaalika wanaume wa ukoo wote: kaka Buazza, ami Aqqa, binamu. Jumla kumi na wanne, bila kuhesabu wake zao.

Buazza ana ulimi. "Mkeo akiwa profesa, mdogo wangu, nani atakupikia?"

"Atanipikia kwa Kiingereza."

"Basi utakula usichokijua!"

Nikamwambia beti zenyewe ni za mama yetu. Tutazisikia kwa mara ya kwanza, mbele ya madaktari wa chuo kikuu. Akakuna kidevu. Halafu akasema, "Nitakaa mstari wa mbele."

Nimeshuka mlima naimba.

Jumatatu, 5 Juni

Nimeharibu.

Nilimwambia Yamna wakati wa chakula cha mchana. Nilitaja majina moja moja, naye akaweka kijiko chini. Nilipofika kwa Buazza akasema, "Hapana." Nilipofika kwa ami Aqqa akafunika uso kwa viganja viwili.

Ndipo akanieleza. Beti zile haziwasifu wanaume. Zinawateta! Tena kwa majina — baba yangu, ami Aqqa, Buazza na kile alichokifanya usiku wa harusi yake, ambacho sikijui na Yamna hasemi. Wanawake wa ukoo wamezitunga wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila bibi harusi kaongeza wake.

"Na mimi nimo?"

"Kula, Mimun."

Siku ya hina wanaume hutoka nyumbani. Ngoma haipigwi mpaka mwanamume wa mwisho apite uzio. Hili nalijua! Nimekuwa nikitoka tangu nina miaka saba, kukaa malishoni na wanaume wenzangu tukila mayai ya kuchemsha. Miaka arobaini na tano natoka, wala sijawahi kujiuliza tunatolewa kwa ajili gani. Na sasa nimewaalika wote waingie.

Nikasema nitawaambia wasije. Akaniuliza: "Utawaambia nini? Kwamba mkeo kawaandika kwa Kiingereza?"

Kusoma leo: hakuna.

Jumatano, 7 Juni

Amekwenda kwa Profesa Lamrini, msimamizi wake. Watahini ni wawili tu: yeye na Daktari Wahbi, kijana aliyetoka kusoma ng'ambo. Yamna aliomba asisome beti kwa sauti. Profesa alisikitika, lakini mikono yake imefungwa. Mama alikataa kurekodiwa, hivyo hakuna kinasa sauti, hakuna shahidi. Wahbi ameshauliza mara mbili: atajuaje kwamba beti hizi zipo, hazikutungwa mezani? Ni lazima zisomwe chumbani, kwa lugha yetu na kwa Kiingereza. Zisiposomwa, sura ya tatu inaanguka. Sura ya tatu ndiyo tasnifu. Ikianguka, shahada hakuna mwaka huu.

Nikasema, kwa nini asichague zile za upole? Zile za mvua na kondoo.

"Nilimuuliza mama yako. Akasema hata zile za kondoo, kondoo ni ami Aqqa."

Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Ijumaa, 9 Juni

Baada ya sala nimepanda kijijini kuwazuia. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi: chumba ni kidogo, viti ni vichache, samahanini sana.

Buazza alinipokea amevaa kanzu mpya. Anaijaribu! Ameazima pikapu ya jirani. Ameshatangaza gulioni kote: mke wa mdogo wangu, Kiingereza, beti za mama yetu. Wazee waliokuwepo walinipa mkono mmoja mmoja kama bwana harusi. Karatasi ilibaki mfukoni.

Kwetu mgeni aliyeitwa haambiwi baki kwako. Sikuweza. Nilikwenda kupunguza, nimerudi na nyongeza ya wawili: mwenye pikapu na kaka yake.

Yamna hakunigombeza. Alisema tu, "Najua ulifanya kwa furaha." Ingekuwa afadhali anigombeze.

Jumapili, 11 Juni

Mama ameletwa leo. Njia nzima alikuwa ameshika sinia la vitamu mapajani, hakumpa mtu.

Yamna akamwambia yote mbele yangu. Mama akanigeukia, akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa utotoni nikivunja mtungi.

"Wewe una akili gani? Umewaita mbweha waje wasikilize kuku?"

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Nilikuwa nakutoa nje."

Halafu akaomba tasnifu. Hajui kusoma. Akataka aonyeshwe jina lake. Lipo ukurasa wa kwanza: Itto binti Hammu, aliyezihifadhi. Akaweka kidole juu ya herufi, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mama," Yamna akasema.

"Na hao wa Kiingereza watanisoma?"

"Watakusoma."

Akavuta pumzi. Akasema anataka Yamna ashinde, anataka sana. Lakini sharti lake ni lilelile la siku ya kwanza: masikioni mwa mwanamume, hapana. Yamna akaitika. Nami nilikuwa pale, nimemwona mke wangu akiitikia sharti linaloweza kumgharimu miaka mitatu, bila kupepesa jicho. Nimemwoa mwanamke!

Jumanne, 13 Juni

Kesho.

Amepiga pasi nguo yake ya kijani. Amesema Kiingereza mbele ya kioo, dakika ishirini, mara mbili. Nimemuuliza atafanyaje wakifika kwenye beti. Amesema bado anafikiri. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Mama amelala mapema, ameweka viatu karibu na mlango.

Jumatano, 14 Juni. Saa tano na dakika tano, korido ya kitivo

Naandikia hapa hapa. Niandike kwa utaratibu.

Saa nne kamili chumba kimejaa. Wanaume wetu mstari wa mbele, Buazza katikati na kanzu yake. Wanawake nyuma na masinia. Mama kona ya mwisho, karibu na dirisha.

Yamna akasimama. Akaweka karatasi chini, hakuitazama tena. Dakika ishirini za Kiingereza! Kilikuwa kinamtoka kama maji ya mfereji. Nilishika neno moja katika kumi: wanawake, nyumba, mama. Ami Aqqa akaniinamia: "Anasema nini?"

"Anasema vizuri."

"Naona. Lakini nini?"

"Vizuri sana, ami."

Nilipangusa macho. Nimeandika ukweli, hakuna wa kunisoma.

Daktari Wahbi akauliza maswali, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa mpaka akatabasamu. Kisha akafungua sura ya tatu. Akasema, kwa Kiarabu ili wageni nao waelewe: "Sasa tusomee. Zote kumi na moja, lugha yenu kwanza. Hukurekodi, Bi Yamna. Lazima nizisikie."

Buazza akajiweka sawa kitini. Nyuma nilisikia bangili za wanawake zikitulia.

Yamna akafunga tasnifu. Akasema, naye kwa Kiarabu: "Daktari, ukurasa wa tisa nimeeleza kanuni ya beti hizi. Hazianzi mpaka mwanamume wa mwisho ametoka. Nikizisoma mbele yenu, zitakuwa si zenyewe tena. Naomba wanaume watoke."

Kelele!

"Tutoke?" Buazza akasema. "Tumeendesha kilomita sabini!"

Wahbi akainua mkono. "Na mimi?"

"Na wewe, Daktari."

"Nitatoaje alama kwa nisichokisikia?"

Profesa Lamrini akavua miwani. Akasema yeye ni mwanamke, atabaki, atasikia, atatoa nusu yake ya alama. Nusu nyingine ni ya Daktari, aamue mwenyewe atoke au akae. Hakumsukuma. Wahbi akatazama karatasi ya alama. Hakuinuka.

Yamna naye hakufungua tasnifu. Amesimama tu, mikono juu ya tasnifu. Nikajua hatasoma. Angesimama pale hadi jioni.

Basi nikainuka mimi. Nikasema, "Haya, jamani. Siku ya hina tunajua kutoka. Tokeni." Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Ami Aqqa akakusanya kanzu yake, akainuka kama alivyofanya miaka sabini. Binamu wakafuata. Buazza akafuata, ananung'unika. Wahbi akabaki peke yake, mwanamume mmoja kati ya wanawake ishirini wanaomtazama kwa utulivu. Akahesabu hadi kumi, nadhani. Akachukua kalamu na karatasi yake, akatoka. Mlango ukafungwa kutoka ndani.

Saa tano na robo

Wahbi yuko dirishani. Mraba wa sura ya tatu kwenye karatasi yake ya alama bado mweupe. Uso wake siusomi. Ameniuliza, "Wewe ndiye mume?"

"Ndimi."

"Umewahi kuzisikia?"

"Miaka ishirini na miwili ya ndoa. Hata moja."

"Na hutaki kujua?"

"Nataka mpaka naumwa, Daktari."

Ameandika kitu. Amekikata.

Ndani imeanza. Sauti ya Yamna, taratibu. Maneno hayapiti ubao wa mlango, sauti tu. Kwanza lugha yetu. Halafu Kiingereza. Halafu kicheko, cha wanawake wote pamoja, na kimoja kirefu kuliko vyote nisichokijua. Ni cha Profesa!

Ubeti wa pili. Buazza kaja na sikio mlangoni.

"Nimesikia jina langu!"

"Hujasikia kitu, kaka. Rudi nyuma."

"Si wewe uliyenialika?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayekuzuia."

Tangu tuzaliwe sijawahi kumwambia hivyo. Amenitazama. Amerudi nyuma.

Nimevuta kiti nikakiweka kuzuia mlango. Naandika mgongo ukiwa kwenye ubao. Ubeti wa tatu umekwisha — vigelegele, viganja, na nyuma ya vyote sauti ya kizee ya mama, inamsahihisha Yamna neno moja, naye Yamna anasema upya. Mlango wote unatetemeka.

Wahbi ametoka dirishani. Amesimama mbele yangu, kalamu mkononi. Anasema amechoshwa na mchezo, yeye ni mtahini, ana haki ya kuingia, na alama ni zake kutoa au kunyima. Yote ni kweli. Anangoja niinuke.

Nimemwambia aketi. Bado beti nane.