Rejista ya Nyanchera

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Binti yangu Nyanchera amerudi kutoka yunivasiti. Nguo mbili, makaratasi begi zima! Ameyaweka chini ya godoro. Nikamuuliza. Eti ni mwanga unaopita ndani ya uzi wa glasi. Nimeishi Manga miaka sabini na moja — glasi ni ya dirisha.

Jumanne, 6 Agosti
Alipoenda kuchuma chai nikainua godoro. Ni rejista! Moja na sufuri. Mistari saba, siku arobaini na tatu. Mimi nina darasa la nne tu, lakini niliandika rejista ya egesangio, kundi letu la kulimiana kwa zamu, miaka kumi na tisa. Aliyekuja kulima na wenzake, moja. Aliyekosa, sufuri. Moja zangu zilikuwa na kiatu, kistari cha kukanyagia chini, hata DO wa serikali alisifu. Zake ni fimbo tupu.
Lakini hii si ya kulima. Kila mtu anakuja siku tatu tu. Nikapitisha kidole: hakuna wawili wanaokutana zaidi ya mara moja. Watu wa kawaida hawaji hivyo. Hawa wamepangwa. Na majina hakuna!

Jumatano, 7 Agosti
Jirani Makori anasema wanafunzi wanashikwa na polisi kwa sababu ya karatasi za mikutano. Makori ni mwongo, lakini hili la kushikwa nimelisikia pia kwenye redio.
Nimevunja huo mkutano mwenyewe. Mtu wa nne nimempa siku mbili zaidi, zile za mtu wa pili. Wagongane, wagombane, waachane. Mkono ukaweka kiatu. Mazoea. Hataona.

Ijumaa, 9 Agosti
Alienda Kisii mjini, kwa duka la Jagdish, kujaribu rejista yake kwenye kompyuta. Amerudi hata chai hanywi. Wa nne anaingilia wa pili, anasema.
Nikataka kujua ni akina nani. Kumbe si watu! Ni simu. Wengi wanaongea pamoja ndani ya uzi mmoja, kila mmoja na mpango wake wa kumulika. Moja ni kumulika, sufuri ni giza. Anayesikiliza anachagua mpango wa mtu wake. Mipango ikigongana sana, unasikia maneno ya jirani.
Jumatatu anampelekea mwalimu wake wa yunivasiti. Ikikataa, nafasi ya kusoma Japani atapewa mwingine.
Labda ni kweli. Labda Makori amemfundisha aniambie hivyo.

Sabato, 10 Agosti
Mahubiri sikusikia. Japani hawashiki watu kwa karatasi?

Jumapili, 11 Agosti
Anaanza yote upya, kazi ya miezi minne. Basi la kumrudisha ni kesho alfajiri. Nimemwambia hakuhesabu vizuri. Hakumbishia baba yake. “Nimehesabu mara tisa, tata. Nimekosea mimi.”
Ni kufuta zile mbili nilizoongeza tu. Lakini mzee wa rejista aseme aliharibu rejista?
Sasa hivi ameinua karatasi dirishani. Kidole chake kimefika mstari wa nne, kwenye moja mbili zenye kiatu. Halafu akauliza, pole pole:
“Tata, ile rejista yako ya egesangio bado iko?”
Nimesema ililiwa na mchwa.
Iko juu ya kabati. Namsikia anavuta kiti —