Wamenililia Amerika

Pinetown, Durban
Jumapili, nimetoka kanisani

Yaya wangu Georgette, dada yangu mkubwa,

Kabla hujasoma mbele, funga mlango na uwatume watoto dukani. Goti lako je, lile la kushoto? Dawa ya kupaka niliyotuma ilifika, au ilibaki mpakani? Na Mama, anakula? Tansiyo yake ya damu imeshuka? Anakumbuka watu, ama bado anakuita kwa jina la shangazi? Mimi huku ni mzima. Nalirudia kwa sababu ndilo neno kubwa la barua hii, Yaya: mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa kusimama kutwa nikisuka nywele za watu, lakini ninapumua, na leo nimekula bugali na majani ya sombe ya jana, peke yangu, kama kila Jumapili.

Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne halikunipa zaidi, nivumilie. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na kitu kikiingia humo asubuhi, mchana majirani wanacho. Anayekuletea ni Papa Safari, muuza viatu wa kanisa letu. Hajui kilicho ndani. Siku ile nilikupigia nikasema tu, "Msilie, mimi ni mzima, mengine nitaandika." Haya, ndiyo mengine.

Ilikuwa Jumanne, mchana, saluni imejaa. Mwenye saluni ni Clarisse, mtu wa Lubumbashi. Ana televisheni ukutani, na tangu kampeni za Amerika zianze haizimwi. Hapa watu wanazifuata kuliko mpira. Papa Jonas, Mtanzania wa duka la simu la jirani, kila saa anaingia kutuambia nani anaongoza, utadhani yeye ndiye msimamizi wa kura. Na mimi nilikuwa napenda kuangalia, sikufichi. Yaya, kule kampeni ni harusi na ibada na mpira, vyote siku moja. Iko bendi, iko maputo yanamwagika kutoka juu, watu wazima wamevaa kofia za kitoto na wanalia machozi. Kitu kimoja kilinichekesha sana. Kwetu mtu akitaka kiti anakuja na magari kumi ili tuone alivyo tajiri. Kule lazima kwanza aape kwamba alikuwa maskini! Mmoja baba yake alichimba makaa, mwingine mama yake alifua nguo za watu, mwingine alikula mkate mkavu mpaka akaoa. Papa Jonas akaniambia, "Tantine, wewe ungepita bila kupingwa." Hapa wote wananiita Tantine, shangazi wa kila mtu. Tangu nifike sijamwambia mtu kwamba nina mtoto, wala kwamba yuko Amerika.

Basi siku hiyo Papa Jonas akaingia na simu juu kichwani. "Njooni mumwone Mkongo wenu! Amepanda jukwaani na mgombea!" Video ilikuwa imeshazunguka makundi yote ya Wakongo. Clarisse akaiweka kwenye televisheni. Nikaona mwanamke mwenye koti la njano, anayetaka ugavana wa jimbo lao. Nyuma yake watu wamepangwa kama picha ya harusi: mzee mmoja, askari mmoja, muuguzi mmoja na nguo zake za kazi. Halafu nikaona shingo. Yaya, kabla ya uso niliijua shingo ile. Amani wangu, na suti, na ndevu. Miaka tisa sijamgusa.

Wakazima taa zote wakamwachia moja. Akasema kwa Kiingereza, Papa Jonas anatutafsiria. Ziwa, mtumbwi, mawimbi, mama aliyemfunga kifuani kwa kitenge asidondoke. Hayo yote ni kweli, wewe unajua. Halafu akanyamaza. Akainamisha macho, akavuta pumzi, akasema, "Mama yangu hakufika ng'ambo." Na ukuta wote nyuma yake ukawa sura yangu. Ile picha ya ubatizo wa mtoto wako wa mwisho, nimevaa liputa, kile kitenge cha majani, nacheka. Sura yangu kubwa kama nyumba ya paroko! Watu wakawasha simu zao wakaniinulia juu. Yule mwanamke akamkumbatia mtoto wangu, akasema yeye anagombea kwa ajili ya mama kama huyu. Wakalia. Watu nisiowajua wananililia, na mimi nimesimama Pinetown na kitana, kichwa cha mteja nimesuka nusu.

Mteja mwenyewe, mama mmoja wa Uvira, akajifuta macho. "Mungu amlaze pema mama huyo."

Kila mtu akaitikia. Wakaniangalia kwa nini mimi kimya.

Nikasema, "Amina."

Clarisse akasogea mpaka kwenye televisheni. "Tantine, huyu si wewe?"

"Hapana. Tunafanana tu."

"Eish! Mpaka pengo la meno?"

Papa Jonas akadakia, akiiga Kiswahili chetu, "Clarisse, mama wa Kivu wote iko na pengo. Usimzike mtu wa watu!"

Wakacheka, nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma kwenye sinki, nikafungua maji yapige kelele. Clarisse alinikuta huko. Akafunga bomba, akanisogezea kiti, akaenda kumalizia kichwa cha yule mteja yeye mwenyewe.

Sasa, Yaya, Deo anasema Amani ametutupa, ameniuza kwa wazungu. Ndugu yetu ni katekista, uongo unamuuma, namwelewa. Lakini mimi sikuwahi kuwaambieni vizuri namna Amani alivyoondoka. Niliona aibu.

Tulipokuwa kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, wifi yangu Denise aliitwa kwa safari ya Amerika, yeye na watoto wake watatu. Dosye yangu, faili la maombi, ilikuwa bado chini kabisa, haina mtu wa kuisoma. Kambini wote tulijua njia: mtoto wa ndugu anaweza kuingia kwenye dosye ya shangazi yake kama ni yatima. Baba yake alikuwa amekufa kweli. Nilibaki mimi. Basi nikakubali kufa. Amani alikuwa na miaka kumi na minne, akakataa, akalia siku mbili. Nikamkalisha kwenye kitanda, nikawa mimi ndiye ofisa. "Mama yako yuko wapi?" Akawa ananiangalia mimi. Nikampiga kofi dogo. "Usiniangalie. Inamisha macho. Vuta pumzi. Ndipo useme." Tulifanya hivyo wiki nzima mpaka akaweza bila kutetemeka. Kwa hiyo siku ile kwenye televisheni, aliponyamaza na kuinamisha macho, mataifa waliona msanii. Mimi niliona mtoto wangu anafanya vile nilivyomfundisha.

Amani alinipigia Alhamisi. Kwa muda mrefu nilisikia kilio tu. Aliniambia kuna msichana wa kampeni alikuja kanisani kwao kutafuta mkimbizi mwenye hadithi nzuri. Wakamfanyisha mazoezi mara tatu: hapa simama, hapa polepole, hapa subiri watu walie. Picha waliiomba, akadhani wataishika mkononi.

"Mama, niseme ukweli?"

"Ukisema watakufanya nini?"

"Wale wa upande mwingine wanachimba kila hadithi ya huyu mgombea. Wakifungua dosye yangu, wanafungua na ya shangazi Denise. Watoto wake wote wamo humo."

"Na mwanasheria uliyesema?"

Ujue alikuwa ameanza kutafuta mtu wa sheria wa kunirudisha hai polepole, ili siku moja aniite. Mwaka uliopita nilikuwa nimenunua koti zito la mitumba kwa ajili ya baridi ya kule. Nikalivaa chumbani, nikajicheka.

"Mwanasheria amesema haiwezekani tena, Mama. Wamekuona watu wengi mno."

Nikamwambia, "Basi niache nilipo. Wewe kula, lala, usipande jukwaa tena." Nililisema kwa sauti ya kumkemea ili asisikie nyingine. Koti nimempa mama mmoja wa kanisani anayefanya kazi kwenye chumba cha barafu huko Mobeni.

Kwa hiyo, Yaya, ninachoomba ni kigumu na nakuomba wewe kwa sababu wewe ndiye Deo anakusikiliza. Umzuie. Amesema ataandika chini ya ile video, "Dada yangu ni mzima," na atalitangaza Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao mbele ya madhabahu. Asiandike. Asitangaze. Mwambie si yeye anayedanganya, dhambi ni yangu na nitaijibu mwenyewe. Mwambie neno lake moja linaweza kuwarudisha watu watano kutoka Amerika. Na majirani wakija na unga na makaa ya matanga, pokeeni. Wapikieni. Atakayetaka kulia, alie. Najua utakaa pale umefunga kitenge kichwani na uongo mdomoni, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi kuliko video yenyewe. Nisamehe.

Ila Mama asidanganywe. Hata kama kesho atasahau, mwambie tena kesho. Watu wakilia sebuleni, wewe uwe chumbani naye, umwambie sikioni.

Nisalimie mume wako, fundi wetu, na umwambie ile redio alinitengenezea bado inasema. Nisalimie binti yako mkubwa aliyeolewa Kavumu, namwombea ajifungue salama. Nisalimie mama mdogo Espérance muuza samaki wa ndagala, ndiye atakayelia kwa nguvu kuliko wote, mpe maji. Deo nisalimie hata kama amenuna.

Jina langu sitaliandika hapa chini, usije ukapotea ukurasa huu ukaokotwa. Nimeweka kiganja changu cha kushoto juu ya karatasi nikakizungushia kalamu, vidole vyote vitano, na kile kilichopinda kinaonekana vizuri. Mama hajui kusoma. Chukua mkono wake uuweke hapo juu yake, aupime.

Mdogo wako