Mnyang'anye Brighton Kijiko Kile

Richfield, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Ernestine,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku, ambako theluji imefunika mpaka dhambi za majirani. Mimi ni mzima, ukiondoa magoti. Shemeji hajambo? Mahindi mmeshavuna? Na mjukuu wako Brighton anaendeleaje? Hilo la mwisho sikuulizi kwa adabu, dada. Nakuuliza kwa hofu.

Juzi nilipokupigia nikakwambia umnyang'anye Brighton kijiko nilichomtumia, ulicheka ukasema ubahili wangu wa utotoni umerudi, natoa zawadi kisha naidai. Nilipopiga tena ukanikumbusha siku ile niliyokudanganya kwamba nimeoa bibi wa kizungu, ukakamata kuku wa kumpokea. Kisha ukanizimia simu. Nimeyataka mwenyewe. Lakini kabla hujasoma mstari mwingine, simama, kachukue kijiko hicho, ukiweke juu ya kabati. Nenda. Nangoja.

Umerudi? Basi sikiliza.

Huku mtu akifa, watoto wake hufungua nyumba wakauza mpaka vijiko alivyokuwa akilia chakula. Mimi na Francis, mzee Mkongo wa kanisani kwetu, tunazizunguka nyumba hizo kama kunguru. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma alama zilizo nyuma ya vijiko vya Kijapani. Alisema nikiona herufi zao mbili, ambazo kwangu ni kama vibanda viwili vya kuku, hiyo ni fedha safi. Nikiona kibendera na umbo la almasi kando yake, serikali yao yenyewe ilikipima, na ni cha mwaka 1929 au baadaye. Neno "Nippon" mara nyingi ni la zamani zaidi, kabla ya 1921. "Occupied Japan" ni la baada ya vita, Wamarekani walipoikalia nchi ile. Mimi niliyetoroka darasa la sita nikajiona profesa.

Tukapata vijiko viwili pacha huko Saint Paul, vyeusi kama kitako cha sufuria, alama haisomeki. Francis akanionya nisivisugue, alama hutafutwa kwa taa na kioo cha kukuzia. Mimi, mtoto wa mama aliyetuchapa sufuria isipong'aa? Nilichukua majivu ya jiko la nyama na waya wa kusugulia, nikavisugua mpaka alama ikatokea. Ngozi ya juu nayo ikatoka. Chini yake palikuwa na madini ya kijivu, laini, yanayokwaruzika kwa ukucha.

Kimoja nikampa Natasha, bintiye Lynette wangu, kwa kuwa alikuwa anaota meno. Cha pili nikakutumia wewe. Nikawatangazia wote kwamba ni fedha safi ya serikali ya Japani.

Mwezi uliopita Natasha alipimwa damu kliniki, kama wanavyopimwa watoto wa hapa. Ikakutwa na risasi, yale madini ya kwenye betri za gari. Daktari alisema huingia kwenye ubongo wa mtoto ikaudumaza, na kwa nje huoni kitu. Mtoto anacheka, anakula, na wewe unasema Mungu ni mwema. Lynette, ambaye ni nesi na huwafariji wagonjwa wa watu, alijifungia garini akalia. Mumewe Yohane akatuhumu rangi ya madirisha. Halafu akaja mama mmoja wa afya na mashine ya kutambua risasi, mfano wa drili, akaielekeza kwenye madirisha, midoli, vyombo. Kwenye kijiko akasimama. Akauliza kilitoka wapi. Wote wakanitazama.

Nikawaambia alama ilinidanganya. Dada, haikunidanganya. Niliisoma vizuri siku ile ile: "Made in Occupied Japan", basi. Hakuna vibanda, hakuna kibendera. Nilijua ni kidude cha kuuzia watalii, lakini nilikuwa nimeshatangaza, na Lynette alikuwa ameshakipiga picha akajivunia baba yake, nami nikauacha uongo ukae. Risasi sikuijua, naapa. Uongo niliujua.

Na kuna baya kuliko hilo. Lynette aliniuliza cha pili kiko wapi. Nikasema kilinipotea kwenye basi. Mimi nisiyemwogopa askofu, niliyaogopa macho ya mwanangu. Ndiyo maana ni mimi niliyekupigia, si yeye. Tangu hapo silali, namwona Brighton ametia kijiko mdomoni.

Nikiifunga bahasha hii naenda jikoni kumwambia Lynette. Huenda simu yake ikakufikia kabla ya barua hii. Kama hujaipokea, ipokee. Akilia, usiseme ni mzaha niliomfundisha mimi. Kisha mpeleke Brighton hospitali kubwa ya Eldoret, useme apimwe risasi kwenye damu. Wakikushangaa, kaa hapo hapo mpaka wampime.

Aliyekuletea barua ni Alvin, mtoto wa mchungaji wetu. Nimemwapisha asiguse chai yako kabla hujampa kijiko mkononi. Najua kwetu mgeni akikataa chai amekutukana. Mtazame alivyokaa mbele ya kikombe, mikono magotini, chai inapoa. Basi ujue safari hii sichezi.

Nisalimie shemeji, na jirani yeyote anayenikumbuka kwa wema, kama yupo. Mkumbatie Brighton.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hofu,
Wanjala