Nilipandisha Pindo, Mke Wangu Akaamini Amepona

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla hujaendelea kusoma ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba misaada, mimi ndiye huombwa, kwa sababu ni fundi cherehani ambaye suti zake zimepanda ndege kuliko marubani, nimewavisha mahakimu, wapiga tarumbeta, mabwana harusi waliotoroka na mmoja aliyerudi, nimeishi miji mitatu yenye bandari na kote nimeacha wateja wanaolia, na ingawa shule niliiacha darasa la sita, au shule ndiyo iliyoniacha, jambo hilo bado hatujakubaliana, hakuna mwili wa binadamu nisioweza kuusoma kwa macho mlangoni kabla mwenyewe hajamaliza kusalimia.

Sasa huo mdomo wote umeniishia nyumbani.

Mke wangu, ambaye mtaani wanamwita Bi Chaki kwa sababu nikipima wateja mimi hutaja namba kwa sauti na yeye huziandika kwa chaki pembeni mwa meza, mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono, na kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kawaida tu, kama mtu aliyekaa chini bila kupanga, mpaka daktari akashangaa mfupa kukatika kirahisi vile, wakampima kwa mashine, wakasema mifupa yake imepungua uzito, ndani imekuwa na matundu kama sponji, tena pingili moja ya mgongo imebonyea bila kutoa taarifa. Nikamwambia daktari, "Hilo nilikuwa nalijua," na sikumdanganya sana, maana nilishaona magauni yake yanaburuza mbele na kupanda nyuma, ila nilidhani ni kitambaa.

Akapewa kidonge cha mara moja kwa wiki, anakunywa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, halafu nusu saa haruhusiwi kulala, basi anakaa wima kwenye kiti cha wateja anatuangalia kama mkaguzi. Miezi ikapita akaanza kulalamika.

"Fundi, hii dawa mimi sioni inachofanya. Ya kichwa ukinywa, kichwa kinaacha. Hii nakunywa niko vilevile, gauni linafagia vilevile."

Alikuwa amenyong'onyea, mshauri, mwanamke ambaye akicheka sindano zinaruka kwenye kopo, na mimi kumwona vile siwezi, kwa hiyo siku moja alipokwenda kwa dada yake nikatoa magauni yake yote kabatini, nikafumua pindo la mbele, nikalipandisha kidogo, nikapiga pasi, nikayarudisha, mshono safi ambao hata fundi mwenzangu angeusifu, na hao kusifu hawajui.

Kesho yake akasimama mbele ya kioo. "Fundi, njoo. Hebu angalia. Limekaa sawa."

Nikasema, "Umenyooka."

"Kweli nimenyooka?"

"Kama mlingoti."

Siku ile alipika akiimba, na mimi nikajiona daktari bingwa.

Kumbe nimejichimbia shimo. Sasa anasema kama mgongo umenyooka basi dawa imemaliza kazi yake, wiki mbili hajagusa kidonge, na juzi nimemkuta amekumbatia kichwa cha cherehani, kile kizito cha chuma, anakishusha peke yake kutoka mezani, nikapiga kelele kama nimechomwa na pasi.

"Weka chini, mama watoto."

"Kwani vipi? Si nimenyooka?"

Tena mwezi ujao ndiyo siku yake ya kurudi kwenye ile mashine ya mifupa, na amekataa katakata. "Nikapimwe na mashine ya nini, mbona gauni limeshapima?"

Na hapo hapo kitinda mimba wetu anaolewa, mama mtu anataka gauni jipya, kila asubuhi ananiambia nimpime. Mshauri, katika ufundi wangu wote sijawahi kutaja kipimo cha uongo, hata kwa wenye vitambi wanaobana pumzi, na mke wangu namba zake anazijua kwa kichwa. Nikimpima kwa haki atasikia mwenyewe kwamba hajaongezeka hata ukucha, atajua nimemchezea, atavunjika moyo na kusema dawa ni bure. Nikinyamaza, atavunjika kitu kingine. Nimekuwa nikimwambia futi ya kupimia imepotea, na futi yenyewe iko shingoni mwangu.

Na lipo swali jingine, ambalo kwa kweli ndilo linaloniuma. Hivi dawa yenyewe inafanya kazi au haifanyi? Nitajuaje, mimi ambaye kazi yangu ni kupima watu?

Ni mimi,
Fundi wa Mahakimu

*

Fundi,

Nimecheka, halafu nikakasirika, halafu nikampigia simu muuguzi wa kliniki ya mifupa ambaye ni rafiki yangu, naye akacheka kidogo na kukasirika zaidi. Kwa hiyo jibu hili lina hasira za watu wawili. Kaa vizuri.

Kwamba umefanya kwa mapenzi, hilo naliona bila miwani. Lakini umechezea kipimo. Mwanafunzi wako akikata ncha ya futi ili mteja mfupi aonekane mrefu, utamfanya nini? Basi jifanyie hivyo hivyo, halafu tuendelee.

Pingili iliyobonyea hainyanyuliwi na kidonge. Urefu alioupoteza mkeo haurudi, na wala hakupewa dawa ili arefuke. Alipewa ili mifupa aliyobaki nayo isizidi kumomonyoka, asivunjike tena. Dawa ya namna hii ikifanya kazi, mara nyingi unachokiona nyumbani ni kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka mzima hajavunjika, hajazidi kufupika. Hiyo "niko vilevile" anayoilalamikia inaweza kuwa ndiyo habari njema yenyewe, na ninyi mmeinunia.

Nimesema inaweza kuwa. Macho hayatoshi, hata yako yaliyowavisha mahakimu, ndiyo maana ipo ile mashine. Aende, tena ikiwezekana kwenye mashine ile ile ya kwanza, kwa sababu mashine mbili ni kama futi za mafundi wawili, hazigombani lakini hazikubaliani. Namba ikibaki palepale au ikipanda kidogo, dawa inafanya kazi. Ikishuka sana, daktari atauliza kwanza kama anakunywa inavyotakiwa, ndipo atafute sababu nyingine au abadilishe dawa. Kuna pia kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha mapema zaidi kama mifupa imepunguza kasi ya kumomonyoka, muulizeni kama kinamfaa. Maumivu ya mgongo hayakwambii dawa inafanya nini. Gauni ndilo kabisa.

Sasa kazi. Leo hii, si baada ya harusi, piga simu kliniki useme amekosa wiki mbili, wakuelekeze aanze vipi. Asinywe viwili kwa pamoja kufidia, na asiache dawa tena bila daktari kujua. Kile kichwa cha cherehani kikae mezani, mwenye haraka nacho akishushe yeye. Na bafu lililomwangusha, umelitandikia mkeka wa mpira? Umefunga kishikio ukutani? Umeniandikia mengi kuhusu suti zilizopanda ndege, bafu hukulitaja tena.

Kisha mwambie ukweli. Usiseme naye ukiwa umesimama mlangoni na funguo mkononi. Toa gauni moja, fumua lile pindo mbele yake, na mweleze kwa nini ulilipandisha. Atakasirika. Muache, ni haki yake, na usianze vichekesho vyako mpaka yeye acheke kwanza. Unaogopa atavunjika moyo, lakini mtu anavunjwa moyo na kungoja kitu kisichokuja, na mkeo amekaa mwaka mzima akingoja kunyooka. Hakuna aliyemwambia angoje nini. Mwambie wewe.

Halafu iondoe hiyo futi shingoni, mpime. Urefu wake utaje kwa sauti ile ile unayowatajia wengine, na umpe chaki auandike mwenyewe. Mwambie hiyo ndiyo namba tunayoilinda, isishuke. Siku mkiona imeshuka kwa upana wa kidole au zaidi, msibishane nyumbani, nendeni kwa daktari.

Na gauni la harusi lishone kwa mgongo alio nao leo, nyuma uliachie, mbele ulipunguze, wazi wazi, yeye akiwa anaona. Kumshonea mtu alivyo ndiyo kazi uliyojisifia ukurasa mzima.