Gobore la Maganga

Jumanne, 8 Mei 2018

Gobore la Maganga nimelimaliza leo. Kazi safi. Hakuna fundi mwingine Malvern hii angeliweza.

Uongo. Nilichomaliza ni chai na magwinya mawili, maandazi ya huku, kutoka kiduka cha spaza. Gobore liko palepale chini ya benchi, ndani ya boksi lake, vipandevipande kama lilivyotoka Midrand. Mtutu kivyake. Kitako ni gogo la mbao lililochongwa nusunusu. Skrubu kwenye pakiti. Maelekezo ya Kiingereza, na mimi niliishia darasa la nne. Maganga alipewa na mzee wa Kizungu aliyekuwa akimlindia geti, siku mzee anahama. Akaniletea mimi kwa kuwa ni seremala. Miaka mitatu sasa. Paka wa jirani ameshazaa juu yake mara mbili.

Kila akipita hapa Jules Street ananitukana kwa ajili ya hilo boksi. Ni haki yake. Mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi, watani toka babu zetu. Wao walipita kwetu na mizigo ya watu vichwani, sisi tukawaomba chumvi. Namwita mpagazi, ananiita ombaomba. Tumezeekea Johannesburg hatujaongea kwa heshima hata siku moja.

Wiki hii hajapita.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemfuata Maganga kwake Bertrams. Yuko kitandani. Kifua. Binti yake Vero akanivuta jikoni, akaniambia kwa Kiingereza chake cha hapa kwamba daktari amesema mapafu yamekwisha. Si habari ya miaka, ni ya miezi. Kiswahili Vero anakisikia, kukisema hataki. Mimi ananiita malume, mjomba kwa Kizulu. Nikamjibu "sharp", yaani poa. Mjinga mimi. Mtu anakwambia baba yake anakufa, unamjibu sharp.

Nikaingia chumbani, nikamwambia Maganga akifa nitalichanja boksi lake nichemshie maharage. Akacheka mpaka pumzi ikamkata. Halafu akauacha utani. Baba yake alikuwa mwindaji, huko kwao Sikonge. Gobore lake lilichukuliwa na askari wa pori, mzee akafa mikono mitupu.

"Nataka nilishike moja tu, mtani. Zima. Baruti sitaki."

Nimeudhika njia nzima kurudi. Hajawahi kuniomba kitu. Kuomba ni kazi yangu.

Jumapili, 20 Mei

Kanisani sikwenda. Nimeanza.

Unaupaka mtutu masizi ya mshumaa. Unaulaza kwenye mfereji wa kitako, unaunyanyua. Mbao ilipochafuka ndipo panapobana. Unakwangua hapo tu, kidogo, kwa patasi. Unapaka tena. Nimerudia tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Mama wa spaza aliponiona usoni aliuliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya penzi lake. Akanifukuza.

Jumatano, 6 Juni

Mtutu umelala kwenye mbao kama mtoto mgongoni. Springi nimeifunga mara ya tatu, mara mbili za mwanzo iliruka, ikavunja kikombe changu cha chai. Mbao nimeipiga msasa na mafuta ya kitani.

Nyundo ya gobore nimeipeleka Bertrams mfukoni ili Maganga aione. Aliishika, akainusa, akasema inanuka kama baba yake. Nikamwambia baba yake basi hakuwa anaoga. Amekaa kitako leo, amekula ugali. Vero anasema kila asubuhi swali la kwanza ni gobore limefika wapi.

Ijumaa, 15 Juni

Baridi. Vidole havinyooki.

Maganga kanenepa mashavu, sijisifu, hata Vero kaona. Lakini leo kasema neno sikulipenda. "Nikilishika hilo, hata nikienda kesho yake, sawa."

Kasema anatabasamu. Mimi nikajidai sijasikia.

Jumamosi, 30 Juni

Limebaki jambo moja. Skrubu ya mkia. Ndefu, inaingia juu kwenye mkia wa mtutu, inapita katikati ya mbao, inakamata chuma cha kifyatuo chini. Bila hiyo gobore ni kuni na bomba. Ikiingia, kazi imekwisha. Inataka watu wawili: mmoja aukandamize mtutu usihame, mwingine akaze.

Nilimweleza Maganga. Akafurahi kweli. Mwaka juzi nilimshikia ngazi toka asubuhi mpaka mchana, yeye juu anapigilia bati, upepo wa Agosti unataka kuturusha wote mpaka uwanja wa mpira. Aliposhuka alisema: kushika nimeshikiwa, siku yako ukinihitaji niite. Leo kakumbusha mwenyewe. "Lete hapa kitandani. Nitakushikia mimi."

Nimerudi kibandani. Nimeichukua ile skrubu, nimeitumbukiza kwenye kopo tupu la gundi, nimefunika.

Mtu anayesubiri kitu haondoki. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Akilishika, anasubiri nini tena?

Jumanne, 3 Julai

Nimemwambia skrubu imepotea. Akaniangalia. Nikaongeza kwamba nimeagiza nyingine Pretoria. Uongo ukishauanza unataka wenzake.

Hakula leo.

Jumatano, 11 Julai

Mashavu yamekwenda. Mikono imekuwa kama mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Niliona, nikamwambia nimepata mdeki wa akiba. Akacheka kwa macho tu, sauti haikutoka.

Baadaye ikatoka.

"Skrubu bado?"

"Bado, mpagazi. Pretoria mbali."

"Wewe vitu vyako vyote hupotelea kwenye kopo la gundi."

Kasema hivyo tu, akageukia ukutani. Hakukasirika. Alinipiga begani kwanza. Anajua. Sijui kajua lini. Labda tangu siku ile ile. Amenisubiri niache uoga na mimi sikuacha.

Nilisimama Jules Street kwenye robot, taa za barabarani, zikabadilika mara tatu, sikuvuka. Skrubu nimeshaitoa kwenye kopo. Kesho nalibeba gobore lote kwenye blanketi, nalipeleka. Ashike. Basi.

Alhamisi, 12 Julai

Vero amepiga simu nikiwa nafunga blanketi.

Amekufa saa kumi na mbili asubuhi.

Skrubu ilikuwa mfukoni mwangu.

Jumapili, 15 Julai

Siandiki. Sina la kuandika. Mikono mitupu, kama baba yake. Na aliyeifanya mitupu ni mimi, si askari wa pori.

Jumamosi, 21 Julai

Tumemzika. Kwetu akifa Mnyamwezi, Mgogo ana kazi yake. Anaigiza mwendo wa marehemu, anawachekesha wafiwa, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, hata kuku. Mtani halii. Mtani akilia nani atawafuta wengine machozi?

Nilijiandaa. Jeneza lilipobebwa na vijana sita nikapaza sauti: "Tazameni maajabu, leo Mnyamwezi anabebwa yeye." Wazee wawili wa Tabora wakacheka, na Wakongo wa kwaya ya kanisa wakacheka baadaye kidogo walipoelezwa. Vero akanishika mkono, akauliza kwa Kiswahili, kwa shida: "Malume, ni hivi tunafanya?" Nikamwambia ndiyo mama, ni hivi. Akacheka naye, machozi yanamtoka.

Nikaingia kaburini. Magoti haya, lakini niliingia. Mchimbaji alinitukana kwa Kizulu, Vero akamtuliza. Nililala chali kama inavyotakiwa. Hapo nilitakiwa nidai kuku wangu. Nikatazama juu, mbingu nyeupe ya baridi, vichwa vya watu vimenizunguka vinasubiri nichekeshe.

Nikalia. Mimi, mtani. Kwa sauti, kama ng'ombe. Vijana wawili walinivuta juu kwa makwapa.

Aibu hiyo nitakufa nayo. Kule kwetu wangenitoza mbuzi.

Jumapili, 12 Agosti

Upepo umeanza. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Vero alikuja mchana, akalikuta gobore juu ya benchi. Alilipapasa mbao. Nilimweleza habari ya skrubu na kopo, yote, sikujipunguzia. Akasema baba yake alimwambia: mwache mjomba wako, anaogopa. Halafu akataka kunishikia mtutu nimalizie. Nikamwambia jiliwa ninalo, kile chuma cha benchi cha kubania, litaushika.

Jiliwa ninalo kweli. Silitaki.

Ameondoka. Nimeupaka mtutu mafuta, nimeulaza mahali pake. Skrubu nimeisimamisha kwenye tundu, imeingia kwa uzi wake wa kwanza, bisibisi iko juu yake. Nimekaa hivi muda mrefu, mtutu unahama kila nikikaza.

Maganga, mimi ombaomba, umesema mwenyewe. Ngazi yako niliishika asubuhi nzima na sijawahi kuidai. Njoo uukandamize hapa karibu na mdomo. Dakika mbili tu, mpagazi, halafu nenda zako.