Pointi Sita Zilizokwama Gisenyi

Gisenyi, Jumapili, baada ya misa ya pili

Baba yangu mpendwa, Mwalimu Stefano,

Shikamoo Baba. Mguu unaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba umeanza tena kupanda baiskeli kwenda kanisani na hutaki kusikia la mtu. Ninakufahamu, kwa hiyo sitajichosha kukukataza. Shangazi Konsolata anakusalimu sana. Amekaa hapa pembeni yangu anachambua nyanya za kupeleka kesho mpakani, na kila dakika ananiuliza nimefika wapi. Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Mengine utayaona humu ndani, na nakuomba jambo moja: usiisome barua hii kwa sauti mbele ya watu kama ulivyozoea. Isome kwanza peke yako, halafu utaamua nani aambiwe nini.

Umeniuliza tarehe ya kuondoka, ili Mama apike na majirani waje kukaa nanyi siku hiyo. Baba, tarehe hakuna. Siendi Ulaya. Ufadhili nimeukosa, na sitauomba tena, kwa sababu tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka ishirini na mitano, na mimi mwezi ujao natimiza ishirini na sita. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimeiweka mbele kwa makusudi, maana ulitufundisha kwamba barua inayozungukazunguka inamchosha msomaji.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na uniache nieleze mpaka mwisho kabla hujachukua ile kalamu yako nyekundu.

Unakumbuka siku matokeo yangu ya kidato cha sita yalipotoka? Ulipita nyumba kwa nyumba ukisema, "Dativa, daraja la kwanza, pointi sita!" Mzee Rwabutogo, jirani yetu mfuga ng'ombe, akakupa pole. Alisema, "Sita tu, Mwalimu? Mtoto aliyesoma miaka yote hiyo?" Ukachukua kijiti ukachora uani: A ni pointi moja, B ni mbili, C ni tatu, masomo ni matatu, na mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda wengi. Ulimchorea nusu siku nzima ng'ombe wake wakiingia kwenye migomba yetu. Sisi watoto tulicheka mpaka tukalia. Laiti ningejua nilikuwa nacheka nini.

Hapa shuleni ninapofundisha nina mwenzangu anaitwa Deo. Anafundisha historia. Alizaliwa Masisi na akasoma Goma, ng'ambo ya mpaka, wakati nchi hiyo ikiitwa Zaire. Tangazo la ufadhili lilipobandikwa tuliamua kuomba wote wawili, mimi ufamasia, yeye mambo ya ualimu. Deo alikuwa amekata tamaa kabla hata ya kuchukua fomu. Diploma yake ina asilimia hamsini na nne. Akaniambia, "Dada, hii makumi tano na nne itanipeleka wapi? Kule Bulaya bataona mi ni mujinga tu. Kwetu prof hawezi kukupa makumi munane, hata kama ni baba yako."

Nilimhurumia. Kwenye fomu palikuwa na safu ya alama za mtihani wa taifa, na chini yake nafasi kubwa ya maelezo. Tukakaa chumba cha walimu siku tatu mfululizo baada ya vipindi. Mimi nilitunga kwa Kiswahili, yeye akaweka kwa Kifaransa, maana Kifaransa changu unakijua, kinaishia sokoni. Tuliandika jinsi walimu wa huko wanavyobana alama, na kwamba anayepata sabini anasimuliwa mtaa mzima. Tuliandika kwamba Deo na hamsini na nne yake alikuwa wa tatu darasani, na tukaonyesha hiyo inalingana na nini mahali pengine. Nusu ukurasa mzima, Baba, kwa mwandiko mzuri. Ungeusoma ungeupa tiki.

Fomu yangu niliijaza kwa muda wa kunywa chai. Kwenye safu ya alama nikaandika 6. Kwenye maelezo sikuandika kitu. Deo akaniuliza, "Na we? Hautaandika kitu pale?" Nikamjibu, "Yangu haihitaji wakili." Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na nikacheka. Majivuno haya sikuyaokota njiani, nimeyatoa nyumbani kwetu, na sikulaumu, maana yalinifaa miaka mingi.

Matokeo yalibandikwa ukutani kwenye ofisi moja hapa mjini, karatasi mbili. Jina la Deo lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza. Langu kwenye ya pili, na mbele yake wameandika: alama hazitoshi, 6 juu ya 20. Huku mitihani wanaisahihisha kwa ishirini, na mwanafunzi mwenye kumi ndiye aliyepita. Kwa hiyo kwa macho yao mimi ni mtu aliyeanguka vibaya, halafu akaomba kwenda kusomea dawa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Nilidhani ni jambo la kwenda kusema dirishani na kurekebishiwa.

Karani ni mtu wa heshima, alikulia upande wa Goma, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili cha huku. Nikamwelezea kama wewe ulivyomwelezea Mzee Rwabutogo. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Dada, mi nakuamini. Lakini karatasi iko inasema sita. Bon, leta diplome yenyewe, na barua ya bale balisahihisha mutihani. Dosiye inapanda Kigali Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Cheti changu, Baba, kipo kwako ukutani ndani ya kioo. Mimi huku natembea na barua tu ya mkuu wa shule yetu ya zamani, nayo inasema "daraja la kwanza, pointi sita", basi. Na wanaosahihisha mitihani wapo Dar es Salaam. Nikamwambia karani, "Niandike mimi mwenyewe maelezo, mwenzangu atayaweka kwa Kifaransa." Akatikisa kichwa. "Mutu hawezi kujishuhudia mwenyewe." Nikamuuliza mbona maelezo ya Deo yalipokelewa. Akasema ya Deo yaliingia ndani ya fomu wakati wake, na kamati iliyasoma ikayakubali, tena iliyasifu. Iliyasifu! Nilitaka kumwambia nani aliyeyatunga, nikanyamaza, nisije nikamharibia.

Nilijua hesabu haikubali. Siku moja kufika Kigali, siku nyingine Rusumo, ya tatu huko nyumbani Karagwe, na Ijumaa inanisubiri. Hata hivyo Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye stendi na begi langu. Siwezi kukueleza nilitegemea nini. Pengine nilitaka tu kuwa njiani. Magari siku hizi hayaendi Ruhengeri, kwenye njia ya Kigali, bila msafara wa askari, na siku hiyo askari waliturudisha wote kabla hatujafika mbali, wakasema barabara si nzuri. Mchana nilikuwa darasani na begi langu chini ya meza, nawafundisha wanafunzi sehemu na asilimia. Mmoja akauliza kama sita ya ishirini na asilimia thelathini ni kitu kimoja. Nikamwambia ndiyo, ni kitu kimoja.

Ijumaa ilipita. Dosiye, yaani faili letu, ilipanda Kigali.

Shangazi alikasirika kuliko wote, na hasira yake iliniangukia mimi, si ofisi. Unajua anavyosema siku hizi, tangu aanze kuvuka mpaka kila siku pale Petite Barrière ameshakuwa mtu wa Goma kabisa. Aliweka chini beseni lake, akajishika kiuno hivi, akasema, "We mutoto wa shule! Uliandika sita bila kusema sita ya nini? Mi nikisema sita pale barrière, mutu ananiuliza: sita ya nini, mama, ndoo ao kilo? Hata kichaa anauliza!" Miaka yote ya shule, na kitu hicho anakijua kila mama anayeuza nyanya mpakani. Halafu akaanza kulia yeye, nikawa mimi wa kumbembeleza. Alikuwa amewaambia wote, wabeba mizigo, wauza samaki, hata yule askari wa forodha. Sasa kila akivuka wanamuuliza mutoto ataruka lini.

Deo alinikwepa wiki nzima. Alikuwa akinywa chai yake nje, kwenye ukuta wa choo, mradi asikutane nami chumba cha walimu. Jumamosi akaja hapa Rugerero tunapokaa, amebeba sambaza, vile visamaki vya ziwani, vimefungwa kwenye jani. Alikaa mlangoni, hakutaka kuingia. Akasema, "Ile karatasi yako ndiyo imenipitisha, si diploma. Donc nilienda kwa karani, nikamwambia banipe mi hapana, bamupe Dativa. Akaniambia nafasi haibebwi kwa kichwa kama mufuko." Nilimwambia aende, na asijitie ugonjwa. Nilisema kwa moyo safi, Baba, nakuapia. Lakini alipoondoka nilikaa nikaona chuki inanipanda, si kwa Deo, kwa ule ukurasa. Kwamba nilikuwa na maneno, nilikuwa na mwandiko, nilikuwa na siku tatu, na yangu ilihitaji mistari minne tu.

Ameshaondoka, Alhamisi iliyopita. Aliniambia atanitafutia njia huko huko. Mtu akisafiri husema hivyo.

Na bado haijaisha. Sifa ya ule ukurasa wa Deo imeenea mjini, na kabla ya kuondoka alishawaambia watu ni nani aliyeutunga. Sasa watu wananijia. Juzi alikuja mama mmoja muuza samaki na vyeti vya binti yake kutoka Bukavu, jana mwalimu wa shule ya jirani, leo baada ya misa watu wawili walinisubiri kwenye ngazi za kanisa. Kila mmoja ana alama zake za nchi yake na anataka nizifanye zieleweke nchi nyingine. Ninawaandikia. Ninauliza maswali yote, hii ni ya ngapi, aliyekuwa wa kwanza alipata ngapi, mwalimu alikuwa mkali au mpole. Wameanza kuniita madamu wa pointi. Ninaifanya vizuri kazi hiyo na inaniuma kila mstari, na sioni itanifikisha wapi. Ningekuwa mtu wa kukufariji ningesema mlango mwingine utafunguka. Sioni mlango, Baba. Naona ubao, chaki, na watoto wanaokwenda zao kila mwaka.

Barua yako ya mwisho ilipokelewa na mkuu wetu. Uliandika kwenye bahasha, "Kwa Mfamasia Mtarajiwa." Aliisoma kwa sauti mbele ya walimu wote, kwa nia njema kabisa, kabla sijapata nguvu ya kumwambia mtu yeyote. Tafadhali safari ijayo andika jina tu.

Mwambie Mama asihuzunike sana, na wale kuku aliokuwa akiwalisha kwa ajili ya safari yangu awauze au muwale Pasaka. Msalimie kaka yangu fundi baiskeli na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Mdogo wangu aliye kidato cha pili mwambie ajifunze Kifaransa hata kama ni kwa redio, na akiambiwa ajaze fomu, asiache nafasi wazi. Katekista aliyekuwa akiniombea safari njema mpe asante, apumzike. Na Mzee Rwabutogo msalimie kwa namna ya pekee. Mwambie nimekutana na watu wengi wanaohesabu kama yeye, ila wao hawakunipa nusu siku na kijiti. Atacheka. Mwache acheke.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la maharage, mtu wa Ngara, anayefahamiana na Shangazi. Mpe maji ya kuoga na chakula, ametoka mbali.

Limebaki la cheti. Umeandika kwamba kama kinahitajika utakitoa kwenye kioo na kukileta mwenyewe hadi daraja la Rusumo, kwa mguu huo huo. Usikitoe, Baba. Sikukilaumu hata siku moja kukaa huko, barabara zimeshatupotezea karatasi nyingi. Kiache pale pale, kando ya picha yenu ya harusi. Kila anayeingia sebuleni kwetu anajua sita yangu ni ya nini, kwa sababu wewe upo hapo wa kumwambia.

Ni mimi binti yako, mwalimu kama wewe,

Dativa