Mzee Yuko Stebo

Jumanne.

Wiki ya pili sasa baba yuko wodini. Asubuhi nesi kaniambia tena, "Mzee yuko stebo." Nami nikaandika hivyohivyo kwenye grupu la ukoo.

Ndugu wa Moshi wameshangilia. Shangazi kapiga simu analia kwa furaha: Jumapili wanatoa sadaka ya shukrani kanisani.

Jioni, kabla ya kurudi Temeke, nikamuuliza nesi, mbona baba hafumbui macho?

"Dada, stebo maana yake hali haipandi wala haishuki. Alivyoletwa ndivyo alivyo."

Kwa nini sikuuliza siku ya kwanza? Mie, mwalimu mzima!

Shangazi katuma ujumbe sasa hivi: mbuzi keshanunuliwa. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Mwishowe nimejibu, "Amina."